Filamu ya Wanyama na Sahani ya Senene

Jioni moja ya mwezi wa Novemba, mvua ikiwa imekwisha kunyesha na migomba ya hapa Nyakahanga, Karagwe, ikidondosha matone ya mwisho juu ya bati la jiko, wajukuu wangu walikaa mkekani sebuleni kutazama filamu ya sokwe wa Gombe, na mbele yao bibi yao alikuwa ameweka sahani ya senene waliokaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo, kama ilivyo ada ya msimu huo katika nyumba nyingi za Kagera. Watoto walitafuna pasipo kufikiri, mkono ukienda sahanini na kurudi kinywani, mpaka alipotokea sokwe mmoja aliyeketi kando ya kichuguu, akachuma kijiti, akakipukuta majani, akakiingiza tunduni taratibu, akakitoa kikiwa kimejaa mchwa, akawapitisha midomoni kwa utulivu wa mzee anayeonja chakula alichokingoja. Mjukuu wangu wa pili, mwenye umri wa miaka saba, aliacha kutafuna. Alimtazama senene aliyekuwa kati ya vidole vyake, akamtazama sokwe, kisha akaniuliza: "Babu, na yeye anangoja msimu?"

Sikuwa na jawabu usiku ule, na sikutaka kumdanganya mtoto. Nilipotafuta baadaye nilikuta kwamba swali lake lilikuwa limelenga shabaha kuliko maswali mengi ya watu wazima. Sokwe wa Gombe hujishughulisha zaidi na uvuaji wa mchwa mvua zinapoanza, kwa sababu wakati huo mchwa huchimba njia kuelekea juu ya kichuguu na kuziba vinywa vyake kwa udongo mwepesi, wakiwaandalia kumbikumbi siku ya kuruka. Sokwe hukwangua udongo ule kwa kidole, na mlango wa ghala huwa umefunguka. Naam, na yeye ana msimu wake, na msimu huo haupishani sana na wetu. Jambo hili nisingalijua mpaka kufa kwangu kama sahani ile isingalikuwapo mbele ya mtoto yule.

Ndiyo maana naandika leo kuwaomba wazazi, mababu, mabibi na walezi wote kwamba filamu ya wanyama isitazamwe nyumbani kwa mikono mitupu, bali iandamane na kitafunio chepesi chenye uhusiano na mnyama anayetazamwa, ama kwa kuwa kinafanana na chakula chake, ama kwa kuwa kimefinyangwa kwa sura yake. Na kwamba kitafunio hicho, kadiri inavyowezekana, kiandaliwe na watoto wenyewe. Sisemi haya kwa kupenda anasa, wala kwa kutaka kuongeza gharama katika nyumba ambazo tayari zina mizigo yake. Nasema kwa sababu nimeona kwa macho yangu kwamba filamu peke yake hupita mbele ya mtoto kama gari lipitavyo barabarani, lakini ikiwa mkononi mwake pana kitu cha kushikika, chenye harufu na ladha, basi picha ile hupata mahali pa kutua.

Na sokwe yule si kiumbe wa kupitwa hivi hivi. Bibi Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, aliwasili Gombe, mwambao wa Ziwa Tanganyika, tarehe 14 Julai 1960, akiwa binti wa miaka 26, na mama yake mzazi akimsindikiza. Na katika Novemba ya mwaka ule ule alimwona sokwe dume mwenye ndevu za mvi, aliyemwita David Greybeard, akifanya hayo hayo tuliyoyaona sisi jioni ile. Kabla ya hapo wanazuoni wengi walishika itikadi kwamba mwanadamu pekee ndiye afanyaye zana, na kijiti kile kilichopukutwa majani kiliwalazimisha kuifikiri upya maana ya mwanadamu. Filamu ya kwanza juu ya kazi yake ilionyeshwa mwaka 1965, nayo ilitokana na kamera ya Hugo van Lawick aliyekuwa mumewe. Na miaka mingi baadaye, zaidi ya saa 100 za picha za van Lawick zilitumika kutengeneza filamu iitwayo Jane, iliyotoka mwaka 2017. Bibi huyo alifariki dunia tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na umri wa miaka 91. Haya yote yametokea katika nchi yetu, katika mkoa wa Kigoma ambao kutoka hapa kwetu si safari ya kuvuka bahari, na hata hivyo wengi wa watoto wa Karagwe humjua simba wa katuni za ng'ambo zaidi kuliko sokwe wa Gombe.

Yupo atakayeuliza kama ni sawa kumfundisha mtoto kuwapenda viumbe ilhali kinywa chake kimejaa kiumbe. Swali hili nalichukua kwa uzito, maana jirani yangu mmoja aliniuliza hivyo hivyo. Jawabu langu ni kwamba senene ni mwalimu mwema wa jambo hili kuliko nyama ya dukani, kwa kuwa mtoto humwona akiwa hai: hujua kwamba wapo wa kijani na wapo wa hudhurungi, na mara moja moja hutokea mwenye rangi ya zambarau ambaye watoto humgombania, hujua kwamba huja kwa wingi na mvua za mwisho wa mwaka, na tena katika mvua za Aprili na Mei, na kwamba usiku hufuata nuru ya taa. Yeye mwenyewe huwachambua mabawa na miguu kabla hawajafika jikoni. Mtoto aliyefanya kazi hiyo hajitengi na viumbe. Anajua kwamba yeye pia yumo katika mnyororo ule ule wa kula na kuliwa, na akimwona sokwe na mchwa wake hamcheki wala hamwonei kinyaa. Fauka ya hayo, wazee husimulia kwamba zamani wanawake ndio waliokuwa wakiwaokota senene alfajiri katika majani yenye umande, na bado mila iliwakataza kuwala; leo wajukuu wangu wa kike na wa kiume wanachota sahani moja, na hilo nalihesabu kuwa ni maendeleo ya haki.

Lakini senene hawapo mwaka mzima, na bei yao nje ya msimu si ya kila mfuko. Kwa miezi iliyobaki sisi nyumbani tumeshika njia ya kufinyanga. Huchukuliwa unga wa ngano vikombe viwili, viazi vitamu viwili vilivyochemshwa na kupondwa, kijiko cha mafuta, chumvi chembe chache na sukari akali ya kuonjesha tu. Hukandwa mpaka donge liache kushika vidole, kisha kila mtoto hupewa fungu lake na kuambiwa amfanye mnyama atakayeonekana katika filamu. Mikate hiyo huokwa katika sufuria kavu, makaa chini na makaa machache juu ya kifuniko, na mtu mzima husimama karibu na moto huo muda wote. Tulijaribu kwanza kutia hamira na kukaanga kama maandazi, tukaona haifai, kwa sababu hamira huvimbisha umbo, na mamba aliyeingia mafutani akiwa mwembamba hutoka akiwa amenenepa kama kiboko. Asiye na ngano atumie ndizi mbivu iliyokatwa vipande na kuchomwa vijiti, au kashata ya karanga iliyokatwa kwa kisu kabla haijakauka. Hata karanga tupu zilizokaangwa, zikipangwa juu ya sahani mfano wa nyayo za mnyama, zinatosha.

Ajabu ya kazi hii ni jicho linalozaliwa nayo. Mtoto anayejua kwamba atatakiwa kumfinyanga sokwe, huanza kutazama masikio: ni makubwa au ni madogo, yamekaa juu ya kichwa au ubavuni? Mikono inafika wapi, gotini au chini ya goti? Mkia uko wapi? Wajukuu wangu walibishana robo saa nzima juu ya mkia, na tulipoirudisha filamu nyuma wakahakikisha kwamba sokwe hana mkia kabisa, ilhali ngedere wanaoiba mahindi yetu wana mkia mrefu. Na hapo wakapata wenyewe, pasipo kuhubiriwa, tofauti ya jamii mbili za wanyama ambayo shuleni huandikwa ubaoni na kusahauliwa siku ya pili. Kutazama kwa macho matupu ni kuzuri, lakini mkono una akili yake, na mkono ukipewa kazi hulituma jicho likachunguze.

Nimesikia pia wakisema kwamba kufinyanga mkate kwa sura ya mnyama ni desturi ya kigeni, na kwamba sisi tunaiga wa mbali. Neno hili silikubali. Nani miongoni mwetu tuliokulia katika nchi hii ya ng'ombe wenye pembe ndefu ambaye hakufinyanga ng'ombe wa udongo katika utoto wake, akawapanga zizini kwa vijiti na kuwapa majina? Tena wenye kusoma historia wanajua kwamba hapa Karagwe, katika makao ya mfalme huko Bweranyange, sura za wanyama zilikuwa ni hazina ya ufalme. Msafiri wa Kizungu Stanley, alipomzuru Mfalme Rumanyika mwaka 1876, alionyeshwa nyumba ya hazina, na katika orodha ya aliyoyaona humo aliandika mabata 16 ya shaba nyeupe yenye mabawa ya shaba nyekundu, vitu 10 vilivyokusudiwa kuwa mfano wa pofu, na ng'ombe 10 wa shaba wasio na vichwa. Wapo pia ng'ombe wa chuma ambao simulizi huwanasibisha na zama za Ndagara, baba yake Rumanyika, aliyesifiwa kwa uhunzi. Basi waliotangulia walifua wanyama kwa moto na nyundo kwa ajili ya taadhima ya dola. Mtoto wa leo anayewafinyanga kwa unga kwa ajili ya kuwajua, yuko katika njia ya wahenga wake hasa.

Na hapa nafika katika jambo linalonikera moyo zaidi. Mnyama mmoja amepata jina lake la kisayansi kutokana na ziara ya mgeni katika nchi hii, nasi wenyewe hatumjui. Wasafiri wa Kizungu Speke na Grant waliingia Karagwe mwezi wa Novemba mwaka 1861, wakapokewa na Rumanyika kwa ukarimu ambao Speke hakuchoka kuusifu katika kitabu chake cha mwaka 1863. Ziwa dogo lililo karibu na makao ya mfalme waliliita Windermere Ndogo kwa kulikumbuka ziwa la Uingereza. Ni hapo Karagwe Speke alipojulishwa habari za mnyama wa matopeni ambaye wenyeji walimwita nzoe, naye ndiye nzohe wa Kiswahili, na wanazuoni wakamwandika Tragelaphus spekii kwa heshima ya Speke. Nzohe ni wa jamii ya pongo, lakini kwato zake ni ndefu na hutanuka, hata aweze kukanyaga juu ya mafunjo yaliyolala pasipo kuzama; dume ana pembe zilizosokotwa na jike hana; naye akitishwa huingia majini na kujificha, pua tu ikibaki juu kwa kuvuta pumzi. Ni mnyama gani bora kuliko huyu kwa mtoto wa Nyakahanga kumfinyanga, mwenye kwato zile na pembe zile? Niliwauliza watoto 9 wa jirani kama wanamjua. Wote walimjua pundamilia, na wote walimjua twiga. Nzohe hakuna aliyemtambua hata kwa jina.

Kutojua huku kuna sababu zake, na si haki kuwalaumu watoto. Misitu na mabonde yetu yalipata msiba mkubwa kuanzia mwaka 1994, wakimbizi walipovuka mpaka kutoka Rwanda kwa malaki, wakikimbia vita na mauaji. Watu wenye njaa walihitaji kuni na nyama, na majangili wa kila namna wakaitumia fursa hiyo, hata wanyama wa pori la Burigi na maeneo jirani wakapungua sana. Mtoto aliyezaliwa baada ya hapo amemjua mnyamapori kwa sura moja tu, ya mwizi wa mazao. Mwaka 2019 serikali iliyapandisha hadhi mapori yetu ya akiba, zikapatikana hifadhi za taifa tatu katika eneo hili: Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707, Ibanda-Kyerwa, na Rumanyika-Karagwe inayobeba jina la mfalme yule yule. Ng'ambo ya Mto Kagera, katika hifadhi ya Akagera, Wanyarwanda walirudisha simba mwaka 2015 na vifaru weusi mwaka 2017. Vifaru! Speke aliandika habari za kuwawinda vifaru katika nchi hii ya Karagwe, na leo mtoto wetu akitaka kujua kwamba kifaru aliwahi kukanyaga vilima vyake, hana budi kuambiwa na mtu.

Filamu yaweza kuwa mtu huyo. Nguvu yake si ndogo, na Tanzania ni shahidi mkubwa wa nguvu hiyo. Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walikuja Serengeti mwanzoni mwa mwaka 1958, wakiruka na ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia, kuwahesabu wanyama kutoka angani. Michael akafa tarehe 10 Januari 1959, akiwa na miaka 24, ndege yake ilipogongana na tai mla mizoga, akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na baba yake akaja kulazwa kando yake baada ya kufariki mwaka 1987. Filamu yao juu ya Serengeti ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, na kwa filamu hiyo watu wa mbali waliitambua thamani ya nyika ambayo hawakuwahi kuikanyaga. Baba huyo ndiye pia aliyekuwa nyuma ya kuwaleta sokwe kutoka bustani za wanyama za Ulaya na kuwaacha huru katika kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria, kati ya mwaka 1966 na 1969, na vizazi vyao vingali huko. Ubavuni mwa ndege ile yaliandikwa maneno D-ENTE. Kwa Kijerumani Ente ni bata. Kwa Kinyambo chetu, ente ni ng'ombe. Niliposimulia hayo, mjukuu wangu yule yule wa miaka saba alimfinyanga ng'ombe, akambandika mabawa mawili, akasema huyu ndiye ndege ya Serengeti. Nami nikawakumbuka mabata na ng'ombe wa Rumanyika waliokaa pamoja katika nyumba moja ya hazina.

Ila filamu ile ya Serengeti ilisemwa kwa Kijerumani, na za Gombe kwa Kiingereza. Hili ndilo pengo, na mzazi asingoje lizibwe na wengine. Katika vibanda vya video watu wetu wamewazoea wafasiri wa filamu kama Lufufu, aliyepata sifa kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili chenye utamu wake, na hakuna mtazamaji aliyelalamika kwamba sauti ya mfasiri imemharibia. Baba au mama aifanye kazi hiyo sebuleni: aishushe sauti ya mgeni, aseme mwenyewe, kwa Kiswahili au kwa Kinyambo, akisimama pale anapoona jicho la mtoto limesimama. Si lazima ajue kila kitu. Mimi nilishindwa na swali la msimu, na kushindwa kule kulitupatia shughuli ya juma zima. Wala si lazima kila nyumba iwe na televisheni; simu moja iliyoegemezwa kwenye bakuli yatosha watoto watano, na kwa jinsi wanavyobanana ndivyo wanavyobishana vizuri.

Kwa Shirika letu la Utangazaji, ambalo mwishoni mwa mwaka 2018 lilianzisha chaneli mahsusi ya vivutio vya nchi, na kwa vijana wa Kagera wenye kamera na ghera, nina ombi moja. Simba wa Serengeti wamepigwa picha za kutosha vizazi vitatu. Shukeni kwenye mafunjo ya Burigi, ngojeni alfajiri kama walivyongoja waokota senene, mpate nzohe akitoka majini, na mtusimulie kwa Kiswahili safi ambacho mtoto wa darasa la pili atakifuata bila ya kuuliza. Tutamtazama kwato kwa kwato na kumfinyanga kama alivyo. Jumamosi hii, hapa Nyakahanga, tutawatazama tena sokwe wa Gombe, kwa sababu filamu hiyo ya nzohe haijatufikia.